Karata Iseme, Macho Yanyamaze: Ishara Zinazoruhusiwa kwenye Briji

Meli inapojiandaa kung'oa nanga bandarini hupandisha bendera ya bluu yenye mraba mweupe katikati. Ni herufi P ya mabaharia: chombo kinaondoka, aliye nchi kavu arudi ndani. Waingereza huiita Blue Peter. Karne ya 19 wacheza wisti, mchezo uliozaa briji, waliazima jina hilo kwa kitendo kimoja kidogo cha mezani: kucheza karata kubwa pasipo lazima, kisha ndogo ya aina ileile, ili mwenzi aelewe kwamba anaombwa acheze turufu. Jina lilichaguliwa vizuri. Bendera ile haipandishwi kwa siri. Bandarini Mtwara anaiona aliye gatini, na anaiona pia mvuvi anayekatiza na ngalawa kwenda Msanga Mkuu, ambaye safari ile haimhusu hata kidogo.

Ubishi wote wa ishara kwenye briji unazunguka hapo: nani anaiona bendera.

Karata za barazani zina desturi nyingine. Wawili kwa wawili jamvini, jicho linakonyeza, kidole kinakuna kidevu, karata inabamizwa kwa kishindo mpaka vikombe vya kahawa vinaruka, na mwenzi ameshaelewa. Hakuna anayekwenda kushtaki. Kuikamata ishara ya wapinzani ni sehemu ya ufundi, na kuikosa ni aibu yako. Mtu aliyekulia hapo akikaa kwenye meza ya briji anaingia na mtaji mkubwa, maana anajua kuhesabu turufu na kukumbuka kilichopita. Anaingia pia na mazoea ambayo huku yana jina moja tu, wizi.

Sheria za briji ya mashindano, toleo la 2017 la Shirikisho la Briji Duniani (WBF), zinalisema hilo katika Sheria ya 73. Wenzi wawasiliane kwa matamko ya mnada, yaani ushindani wa kabla ya kucheza wa kuahidi mizunguko mingapi mtashinda, na kwa karata zinazochezwa, basi. Na hayo yafanyike bila mkazo wala madaha, bila kusita na bila haraka isiyo na sababu. Kishindo cha jamvini kimeshafutwa na maneno hayo machache. Wenzi wanaopanga njia yao nyingine ya kupashana habari wanatenda, kwa maneno ya sheria hiyohiyo, kosa kubwa kuliko yote.

Msamiati tunao tayari, tusijifanye wageni. Aina nne, kuanzia ya chini kwenda juu, ni pau, uru, kopa na shupaza. Ya juu katika kila aina ni ree, kisha mfalme, malkia na ghulamu, ambaye wengine humwita jeki. Karata 52, kila mtu 13. Mnada ukimalizika, mmoja anakuwa mwenye mkataba, mwenzake anaweka karata zake wazi mezani, na wale wawili wa upande wa pili wanakuwa walinzi. Walinzi hawaonani karata. Mwenye mkataba anaona mikono yake yote miwili na anaipanga kama jeshi moja. Walinzi kila mmoja ana nusu ya habari. Ishara ndiyo daraja lao.

Ujumbe wenyewe ni wa namna tatu. Wa kwanza ni hamu: aina uliyoianzisha naitaka au siitaki. Wa pili ni idadi: nimeshika shufwa au witiri ya aina hii. Wa tatu ni wa kuelekeza, uliotangazwa na Mmarekani Hy Lavinthal miaka ya 1930: ukubwa wa karata ninayocheza unakwambia urudi na aina ipi kati ya mbili zilizobaki, kubwa kwa ya juu, ndogo kwa ya chini. Hakuna chama ninachokijua kinachokataza mojawapo ya hizi tatu. Ugomvi unaanzia kwenye namna ya kuziandika, yaani karata gani ibebe ujumbe gani.

Tuitazame ya idadi kwa karibu, maana ndiyo inayodharauliwa na ndiyo inayoangusha mikataba. Mkataba ni 3 bila turufu, yaani mwenye mkataba ameahidi kushinda mizunguko tisa kati ya 13, na hakuna aina iliyo turufu. Mkono wa wazi una uru tano: mfalme, malkia, ghulamu, 10 na 9, na hauna karata nyingine ya kuingilia, yaani ya kushinda mzunguko kwa aina nyingine. Wewe umekaa nyuma yake na ree, 8 na 3. Uru zilizobaki ni tano, 7, 6, 5, 4 na 2, zimegawanyika kati ya mwenzako na mwenye mkataba. Mwenye mkataba anatoa uru ndogo kuelekea mkono wa wazi, na mwenzako, anayecheza kabla yako, anaweka 6. Kwa ishara za kawaida, kubwa kwanza ni shufwa. Ana mbili, basi mwenye mkataba ana tatu: ikalie ree yako mpaka mzunguko wa tatu, ukiila hapo mkono wa wazi unabaki na uru mbili nzuri zisizofikika. Je, 6 yaweza kutoka kwenye nne? Yaweza, lakini hapo mwenye mkataba alikuwa na uru moja tu, na njia imekatika yenyewe tangu mzunguko wa kwanza.

Mwenzako angeweka 2, ndogo kwanza, ingekuwa witiri. Ana tatu, mwenye mkataba ana mbili, na ree inaliwa mzunguko wa pili. Ukiikalia mpaka wa tatu umempa mzunguko mmoja wa bure, na kwenye 3 bila turufu mzunguko mmoja ndio tofauti ya kufaulu na kuanguka. Ukiila mapema kuliko inavyopaswa, anabaki na uru mkononi ya kumvusha, na zote zinakimbia.

Sasa angalia nani mwingine ameiona ile 6. Mwenye mkataba. Amesoma ujumbe uleule kwa wakati uleule, na kama alikuwa na mpango mwingine anaweza kuubadilisha. Hiyo ndiyo bei ya ishara halali, na mlinzi mzuri huuliza kila mara: habari hii inamfaa nani zaidi, mwenzangu au adui? Jibu likiwa adui, anacheza karata isiyosema kitu, au inayodanganya. Kudanganya kwa karata kunaruhusiwa kabisa, sharti mwenzako naye adanganyike sawasawa. Mkiwa na makubaliano ya chinichini kwamba "hapa huwa tunasema uongo", tayari mmetoka kwenye ujanja.

Kuhusu mpangilio. Wa kawaida unasema karata kubwa ni kukubali na ndogo ni kukataa. Wa kinyume unageuza: ndogo nataka, kubwa sitaki. Wapo waandaaji wa mashindano madogo, siyo huku tu, wanaopiga marufuku ishara za kinyume kwa hoja kwamba zinachanganya wageni. Hoja hiyo ni dhaifu, na mkono mmoja unatosha kuonyesha kwa nini.

Tena ni 3 bila turufu. Mwenzako ana kopa tatu: ree, mfalme, 4. Mkono wa wazi una ghulamu, 9, 8, 6. Wewe una malkia, 10, 3, 2. Mwenye mkataba ana 7 na 5 tu. Mwenzako anacheza ree, mkono wa wazi 6, zamu yako. Kwa mpangilio wa kawaida lazima useme "endelea" kwa karata kubwa, na malkia huwezi kumtoa, kwa hiyo unatoa 10. Ile 3 itasomeka kama ndogo. Mwenzako anaendelea na mfalme, kisha 4. Mkono wa wazi unaweka 9, unaila kwa malkia, na sasa ghulamu wa mezani amebaki bwana juu ya karata yako ndogo. Mmepata mizunguko mitatu.

Rudia kwa kinyume. Kwenye ree unaweka 2, "naitaka". Kwenye mfalme unaweka 3. Mwenzako anacheza 4: mkono wa wazi ukiweka 9, unakula kwa 10 na malkia anamnasa ghulamu; ukiweka ghulamu, malkia anamla na 10 inaimeza 9. Mizunguko minne. Mkiwa na ree nyingine popote, mitano, na mkataba umevunjika. Karata ni zilezile. 10 iliyotumika kupiga kelele ndiyo iliyogharimu. Mlinzi anapotaka aina fulani, mara nyingi ni kwa sababu karata zake kubwa za aina hiyo zina kazi, na haifai kuzitumia kama tarumbeta. Kumkataza mtu mbinu hii ni kumkataza kutunza mali yake. Mgeni akichanganyikiwa, dawa yake ni kuuliza, nalo ni haki yake kama tutakavyoona.

Ishara za shufwa na witiri ni jambo jingine. Hapa mlinzi anapotupa karata kwa sababu ameishiwa aina inayochezwa, witiri (3, 5, 7, 9) husema "hii naitaka", na shufwa husema "hii siitaki, na ukubwa wangu unakuonyesha ipi nyingine". Karata moja, habari mbili. Kwenye karatasi zinapendeza mno. Chama cha Amerika ya Kaskazini, ACBL, kwa miaka mingi chati zake ziliziruhusu kwa karata ya kwanza tu ambayo kila mlinzi anatupa; baada ya hapo mpangilio uwe wa kawaida au wa kinyume. Wengi hudhani sababu ni ugumu wa kuzisoma. Hapana. Sababu ni kusita.

Chukua mkono huu. Turufu ni shupaza, ulikuwa nazo mbili, mwenye mkataba anacheza ya tatu. Umebaki na karata 11: pau ree, malkia, 8, 6, 4, uru 9, 7, 3, kopa ghulamu, 9, 5. Unataka pau kwa moyo wote. Pau zako ndogo zote ni shufwa, kila moja ikitupwa itasema huitaki pau. Uru zako zote ni witiri, kila moja itasema unaitaka uru. Kopa ndogo nazo ni witiri. Karata ya kweli haipo. Utafanya nini? Utafikiri. Utagusa karata hii, utaiacha, utagusa ile. Sekunde nane baadaye unatupa 8 ya pau, na mwenzako, ambaye hakuona karata zako lakini ameona mateso yako, anajua kwamba 8 ile si ya kuaminiwa. Ukitupa papo hapo, ni "sitaki". Ukitupa baada ya kuhangaika, ni "nataka ila sina namna". Kila karata imepata maana mbili kwa mujibu wa saa, na saa si karata.

Na hii ni kwenye kutupa kwa kwanza, karata zikiwa bado nyingi. Kadiri zinavyopungua ndivyo uwezekano wa kukosa namba ya kweli unavyopanda. ACBL iliweka hata kifungu cha ziada: jozi inaweza kuzuiwa kutumia mbinu iliyo halali kwa wengine ikionekana haiwezi kuitumia kwa mwendo ulio sawa. Wengine wanaona ni uonevu. Mimi naona ni kifungu cha maana kuliko vyote, kwa sababu kinamtazama mchezaji badala ya kuitazama karatasi.

Zinafuata ishara za fumbo, na hapa wanaozitetea wana hoja nzito kuliko wanavyopewa. Mfano: mnadani mwenye mkataba ameonyesha shupaza tano kamili, na mkono wa wazi umefunguka na tatu. Zimebaki tano kwa walinzi wawili. Kila mlinzi akihesabu zake anajua za mwenzake. Mwenye mkataba hajui zimegawanyikaje. Basi wanakubaliana: aliyekaa kushoto kwa mwenye mkataba akiwa na shufwa ya shupaza, tunatumia mpangilio wa kawaida; akiwa na witiri, tunatumia kinyume. Makubaliano yameandikwa, yametangazwa, hakuna konyezo. Mwenye mkataba anaambiwa kila kitu, na bado haelewi karata, kwa sababu ufunguo wameushika walinzi.

Watetezi husema sheria inadai kufichua makubaliano na haidai kufichua karata, na wao wamefichua. Ni kweli. Ndiyo maana katazo halimo moja kwa moja katika sheria kuu. Limo kwenye sera za mifumo, ambako WBF inakataza ishara ambazo ujumbe wake umefichwa kwa mwenye mkataba kwa ufunguo walio nao walinzi peke yao. Sheria ya 40 inawapa wasimamizi mamlaka ya kuweka mipaka hiyo. Kwa hiyo ukizikataza, usimwite mwenzako mwizi. Mwambie tumechagua mchezo usio na kitu hicho. Mkulima wa korosho ataelewa upesi. Mfikirie akiwa ghalani mbele ya mizani ambayo kila mtu anaona mshale umesimama wapi, ila wawili tu ndio wanaojua ulianzia wapi. Mizani hiyo haijasema uongo, na bado mkulima hatapakua gunia hata moja.

Historia ya wizi wenyewe nitaipita haraka, maana imeandikwa sana na inawapotosha watu wadhani ishara ni suala la majambazi. Buenos Aires 1965, Waingereza Terence Reese na Boris Schapiro walituhumiwa kuonyeshana idadi ya kopa kwa vidole vilivyoshika karata. WBF iliwatia hatiani, uchunguzi uliofanyika kwao Uingereza ukawaachia. Bermuda 1975, Waitaliano wawili walishutumiwa kugusana miguu mwaka uleule vizuizi vilipoanza kuwekwa kati ya wenzi. Mwaka 2015 ukazuka mfululizo wa tuhuma, mojawapo ikiwa karata kuwekwa mezani wima au mlalo. Adhabu ya jozi hiyo ilifutwa na Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo mwaka 2018. Ugumu wa kuthibitisha unaonekana hata pale palipo na kamera.

Kwenye meza za kawaida kosa halianzi na njama. Linaanza na pumzi. Mlinzi ana karata moja tu ya aina inayochezwa na anajifanya kufikiri, ili mwenye mkataba adhani ana uchaguzi: hilo limekatazwa wazi. Mlinzi anatazama mpinzani anachomoa karata kutoka pembe gani ya mkono: Sheria ya 74 inalitaja kwa jina. Mlinzi anaweka ishara ya "nataka" taratibu na kuiachia kidole juu, ile ya "sitaki" anaitupa. Hajui kwamba anafanya hivyo, mwenzake hajui kwamba anaisoma, na wote wawili wangeapa kwa dhati. Sheria ya 16 haihitaji nia mbaya: ukipata habari kwa njia isiyo karata, huruhusiwi kuchagua kitendo ambacho habari hiyo imekielekeza ikiwa kulikuwa na kingine cha busara. Mwamuzi anarekebisha alama, mchezo unaendelea, hakuna aliyeitwa mwizi.

Na haki ya kuuliza. Inapofika zamu yake kucheza, kutoka mkononi mwake au mkono wa wazi, mwenye mkataba anaweza kuuliza makubaliano ya walinzi kuhusu karata. Anayejibu ni mwenzi wa aliyeicheza. Akiulizwa "hiyo 8 ni nini?", jibu si "ana malkia" wala "nadhani anataka pau". Jibu ni: "Tunacheza kinyume, kubwa ni kukataa. Mwenye mkataba akianzisha aina, tunatoa idadi, nayo kinyume." Kama hamjakubaliana, sema hamjakubaliana, usibuni papo hapo. Kadi ya mfumo ya WBF ina jedwali la kazi hii: ishara ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa umuhimu, mara moja kwa mikataba ya turufu na mara moja kwa isiyo na turufu, kwenye karata ya mwenzi, ya mwenye mkataba, na ya kutupa. Jozi nyingi huliacha nusu tupu. Na kumbuka kadi yako ni ya wapinzani kuisoma. Wewe mwenyewe huruhusiwi kuichungulia katikati ya mchezo.

Anayetaka kuanzisha meza mbili tatu Mikindani au Lindi mjini hahitaji kunakili chati za Amerika. Ukurasa mmoja unatosha. Ningeandika hivi: mpangilio wa kawaida na wa kinyume ruksa, kwa hamu, idadi na kuelekeza. Shufwa na witiri kwa karata ya kwanza inayotupwa, na mwamuzi ana ruhusa ya kuwaondolea jozi inayohangaika. Ishara za fumbo hapana. Kila jozi ije na kadi iliyojazwa sehemu ya ishara, na isiyojaza icheze ya kawaida siku hiyo. Karata zote ziwekwe mezani kwa namna moja, kwa kidole kilekile kama ikibidi.

Kifungu kimoja zaidi ningekisimamia kwa ukali, kwa sababu ndicho kinachoondoa nusu ya malalamiko bila kumkataza mtu mbinu yoyote. Mkono wa wazi ukishatandazwa, mwenye mkataba asiguse karata ya mezani kwa sekunde kumi, hata kama ina moja tu ya kucheza. Muda huo mlinzi anayecheza wa tatu kwenye mzunguko apange ulinzi wake wote, aamue karata gani ataisema kwa mzunguko huu na ujao, ili zamu yake ikifika mkono utembee kwa mwendo uleule awe na malkia au awe na karata tupu. Atakayelalamika kwamba sekunde kumi ni nyingi, apewe yeye saa ashike.